Diski moja ikifa, kumbukumbu zote huondoka: Ukanda wa dhahabu umejiandaa vipi?

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, jasho la mchimbaji haliishii tena kwenye mzani. Linaandikwa pia kwenye kompyuta. Uzito wa dhahabu, jina la muuzaji, namba ya leseni, mgao wa mwenye duara na wa wachimbaji wake, picha za mashamba yanayosubiri fidia, ramani zilizopigwa kwa droni: vyote hivyo leo ni mafaili ndani ya diski. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: diski hizo zikifa, nani atathibitisha nini?

Katika makala haya tunaangalia aina moja ya hifadhi ambayo hupendwa kwa sababu ina kasi na bei yake ni nafuu, lakini ni miongoni mwa zile zilizo ngumu zaidi kuokolewa zikiharibika. Ni diski mbili au zaidi zilizounganishwa zionekane kama diski moja kubwa, huku kila faili likikatwa vipande na kugawanywa kwa diski zote. Mafundi wanaiita RAID 0. Tunaeleza inavyofanya kazi, kipi huokolewa na kipi hakiokoleki, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mtu asiyemiliki kompyuta.

Kwa nini suala hili lina uzito sasa?

Mwaka 2017 Bunge liliifanyia marekebisho makubwa Sheria ya Madini ya 2010. Tangu hapo, taarifa za madini zinazokusanywa na wenye leseni zimetambuliwa kuwa mali ya Serikali, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao yake Dodoma, ndiyo yenye jukumu la kutunza kanzidata ya taifa. Machi 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifungua soko la madini mjini Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa mbalimbali. Lengo lilikuwa kuitoa biashara ya dhahabu vichochoroni na kuiweka mahali penye mzani, ofisa na kumbukumbu.

Sheria nyingine mbili zimeongeza uzito wa kumbukumbu hizo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki zitumike kama ushahidi mahakamani. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa, na zisimfikie asiyehusika.

Makala haya hayahusu seva za Serikali. Yanahusu ngazi ya chini, pale kumbukumbu zinapozaliwa: ofisi ya kikundi cha wachimbaji, ofisi ya mnunuzi wa dhahabu, kampuni ndogo ya upimaji, studio ya video, stesheneri inayowachapia watu mikataba. Katika ngazi hiyo, mara nyingi kumbukumbu za miaka kadhaa hukaa ndani ya kasha moja lililo chini ya meza. Mtu anayepiga picha za droni au kuhariri video anahitaji nafasi kubwa na kasi, na anapouziwa kasha lenye diski mbili linaloonekana kama diski moja, huona amepata vyote viwili kwa pamoja. Anachonunua kweli ni kasi. Usalama haumo ndani ya kasha hilo.

RAID 0 inafanyaje kazi?

Wazo la RAID lilielezwa katika chapisho la 1988 la watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walipendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali. Waliona pia tatizo lake: diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa unaongezeka. Kwa hiyo mipangilio mitano waliyoieleza yote ilikuwa na taarifa za ziada ambazo zingesaidia diski moja ikifa. RAID 0 haikuwa miongoni mwa mitano hiyo. Jina hilo lilikuja baadaye, na sifuri yake inasema ukweli: ziada ya kukuokoa ni sifuri.

Tuchukue mfano wa kasha lenye diski mbili, linalokata mafaili katika vipande vya kilobaiti 64. Picha ya shamba yenye ukubwa wa megabaiti 3 itakatwa vipande 48. Kipande cha kwanza kitaandikwa kwenye diski ya kwanza, cha pili kwenye diski ya pili, cha tatu kwenye ya kwanza tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa kuwa diski zote mbili zinaandika kwa wakati mmoja, kazi huenda haraka. Lakini kila diski inabaki na vipande 24 tu, na vipande 24 peke yake si picha.

Hesabu ya hatari nayo ni rahisi. Tuseme diski moja ina uwezekano wa asilimia 2 wa kufa ndani ya mwaka. Ukiwa na diski mbili katika RAID 0, uwezekano wa kupoteza kila kitu unakaribia asilimia 4. Ukiwa na nne, unakaribia asilimia 8. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichapisha takwimu za vifo vya diski zake, katika miaka ya karibuni imekuwa ikionyesha wastani wa kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Hizo ni diski zinazofanya kazi katika kumbi zenye ubaridi na umeme uliotulia. Ofisi iliyo kando ya barabara ya vumbi, karibu na karasha linalosaga mawe mchana kutwa, haina mazingira hayo. Ukanda wa Ziwa Victoria pia una radi nyingi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni adui wa kila kifaa kisicho na stebilaiza au betri ya akiba.

Kipi kinaokoleka?

Jibu linategemea kilichokufa. Kwa mtu asiye fundi, ni vyema kutofautisha hali nne.

Hali ya kwanza ni kasha lenyewe kufa huku diski zikiwa nzima. Hapa matumaini ni makubwa. Vipande vyote vipo. Kilichopotea ni kifaa kinachojua jinsi ya kuvipanga.

Hali ya pili ni diski moja kuwa na sehemu zisizosomeka. Hapa pia kazi inawezekana, ila baadhi ya mafaili yatarudi na mapengo.

Hali ya tatu ni kifo cha umeme au cha vichwa vya kusomea. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vinavyoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Vichwa vikifa, diski hugonga kwa sauti ya mdundo unaojirudia. Kuvibadilisha kunahitaji chumba maalumu kisicho na vumbi na vipuri kutoka diski nyingine ya aina ileile. Hata bodi ya umeme haibadilishwi kienyeji, kwa sababu katika diski nyingi za kisasa imebeba mipangilio ya diski yake pekee, na mipangilio hiyo lazima ihamishwe.

Hali ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: sahani imekwanguliwa. Mchimbaji anajua kwamba mwamba ukishasagwa na dhahabu ya kwanza kuchukuliwa, marudio yake bado yana kitu, na wapo wanaoyanunua ili kuyapitisha tena kwenye dawa. Sahani iliyokwanguliwa haina marudio. Unga unaotoka pale ndio uliokuwa kumbukumbu, na hakuna kinu wala dawa ya kuurudisha.

Katika RAID 0, hali ya nne ikiipata diski moja tu, nzima iliyobaki haitoshi. Hakuna programu inayoweza kubuni vipande ambavyo havipo. Kinachoweza kupatikana ni mafaili madogo yaliyobahatika kuangukia kwenye kipande kimoja, kwa mfano orodha fupi ya majina yenye kilobaiti 40. Picha, video, ramani na hifadhidata kubwa ndivyo vitu vya kwanza kupotea, na kwa bahati mbaya ndivyo watu walivyonunulia kasha hilo.

Saa ya kwanza ndiyo huamua mengi

Uharibifu mkubwa mara nyingi hutokea baada ya hitilafu yenyewe, kwa mikono ya watu wenye nia njema. Kompyuta inayotumia Windows ikiona diski ambayo haielewi, inaweza kuuliza kama uiandae upya au uifute ili itumike. Anayekubali anaanza kuandika juu ya kile anachotaka kukiokoa. Programu za kurekebisha makosa ya diski nazo zina hatari hiyo: hubadilisha taarifa za mpangilio wa mafaili zikidhani zinatengeneza, kumbe zinavuruga ramani ambayo fundi angeihitaji.

Hatua zilizo salama ni chache. Zima kifaa. Usikiwashe tena na tena ukisikiliza kama kitapona. Andika kwa kalamu ya kudumu kila diski ilikaa nafasi ipi kabla ya kuichomoa, kwa kuwa mpangilio huo ni sehemu ya ufunguo. Usifungue diski. Usiiweke kwenye jokofu, ushauri wa zamani ambao bado unazunguka, kwa sababu unyevu unaoganda juu ya sahani huongeza madhara. Kasha lenyewe litunze pia, hata kama limeungua, kwani fundi atataka kujua lilikuwa la aina gani.

Fundi anayejua kazi yake haanzi kwa kutengeneza. Anaanza kwa kunakili. Kila diski hunakiliwa yote, hatua kwa hatua, kwenye diski mpya, kwa programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri na kurudia zile ngumu baadaye. Diski za asili kisha huwekwa kando na haziguswi tena. Ndipo huja kazi ya kufumbua: diski ipi ilikuwa ya kwanza, vipande vilikuwa vya ukubwa gani, na data zilianzia wapi.

Hapa mteja ana kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe. Akiitwa kuona kwamba data zimerudi, asiridhike na majina ya mafaili kwenye skrini. Afungue picha kubwa na video ndefu. Kama mpangilio umekosewa, mafaili madogo yanaweza kufunguka vizuri huku makubwa yakikatika au kuonyesha rangi za ovyo. Orodha ndefu ya majina yasiyofunguka haistahili kulipiwa.

Siri, ushahidi na bei

Diski iliyokufa ikibebwa kutoka Katoro au Nyarugusu kwenda kwa fundi wa mjini Mwanza, kupitia Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, haibebi data za mwenye ofisi peke yake. Inabeba majina, namba za simu, namba za vitambulisho na mapato ya watu ambao hawakuulizwa. Chini ya sheria ya 2022, aliyezikusanya bado anawajibika. Anapaswa kujua fundi atazihifadhi wapi, nani ataziona, na nakala zitafutwa lini. Kama diski itasafirishwa nje ya nchi, sheria hiyo ina masharti yake kuhusu kuhamisha taarifa binafsi kwenda nchi nyingine. Makubaliano ya mdomo hayatoshi.

Suala la pili ni ushahidi. Sheria ya 2015 inaelekeza kwamba uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa kuangalia namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama uadilifu wake umelindwa. Ikiwa mgogoro wa mgao au wa fidia utafika mahakamani, upande wa pili una kila sababu ya kuuliza data zilizookolewa zilipita mikononi mwa nani. Ofisi iliyohifadhi diski za asili na maandishi ya kila hatua ina jibu. Ile iliyompa fundi kasha na kusubiri simu haina.

Suala la tatu ni bei. Uokoaji wa RAID 0 hugharimu zaidi ya ule wa diski moja, kwa sababu kila diski hushughulikiwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Kikundi kidogo kinaweza kukuta gharama inazidi uwezo wake. Hapo ndipo hasara inaposhuka kwa mnyonge. Mwenye leseni anaweza kuwa na mikataba yake kabatini na mnunuzi anaweza kuwa na vitabu vyake. Mchimbaji aliyeingia duarani kwa makubaliano ya mgao, na jina lake likaandikwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, hana kitu mkononi.

Fundisho kutoka kwa wenye uwezo mkubwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba haya ni matatizo ya maskini. Septemba 26, 2025, moto uliozuka katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon uliteketeza hifadhi iliyokuwa ikitumiwa na watumishi wa umma kuweka mafaili yao ya kazi. Terabaiti 858 zilipotea. Mfumo huo haukuwa na nakala nje ya jengo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Nchi inayoongoza duniani kwa utengenezaji wa vifaa vya kuhifadhia data ilikwama kwa kukosa nakala ya pili.

Mfano mwingine ni wa kampuni ya programu ya GitLab. Januari 31, 2017, mtumishi wake alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa kazini. Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kutunza nakala; ilipozihitaji, ikagundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi kama ilivyodhaniwa. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Wapo watakaosema jibu ni kuhifadhi kila kitu kwenye intaneti. Ni sehemu ya jibu, lakini si lote. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo nakala yake pekee ilikuwa kwenye intaneti haikuweza kuifikia siku hizo zote.

Kanuni inayopendekezwa na wataalamu wengi, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ni ya namba tatu: nakala 3, katika aina 2 za hifadhi, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Kwa ofisi ya Kahama au Geita, hiyo inaweza kuwa kompyuta ya kazi, diski ya nje inayofungiwa nyumbani kwa mweka hazina, na nakala ya intaneti. RAID 0 inaweza kubaki mahali pake, kwenye kazi inayoendelea leo na ambayo asili yake ipo kwingine. Hata zile RAID zenye ziada, ambapo diski moja ikifa nyingine huendelea, hazichukui nafasi ya nakala. Mwizi hubeba kasha zima, radi hupiga diski zote kwa pamoja, na faili lililofutwa hufutika kote.

Nani achukue hatua?

Tume ya Madini ina maofisa mikoani na hukutana na wachimbaji wadogo mara kwa mara. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) na Shirikisho la Vyama vya Wachimbaji Madini (FEMATA) nayo hufikia vikundi hivyo kwa mafunzo. Utunzaji wa kumbukumbu unafundishwa kama suala la kodi na leseni. Unapaswa kufundishwa pia kama suala la diski: nakala ziko ngapi, ziko wapi, na lini mara ya mwisho ilijaribiwa kufunguliwa.

Lakini hatua iliyo rahisi kuliko zote haihitaji kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Kila mgao unapoandikwa, kila shamba linapopimwa, kila gramu inapoingia kwenye orodha, anayehusika apewe karatasi yake yenye tarehe na sahihi. Karatasi hiyo ni nakala rudufu iliyo mahali pengine, haikatwi vipande, na haimtegemei fundi. Mchimbaji anayeondoka ofisini bila karatasi hiyo ameacha haki yake ndani ya diski ambayo hajawahi kuiona.